Mtoto anasahau 's' ya Kiingereza? Msaada uko kwenye Kiswahili cha nyumbani

Fungua daftari la Kiingereza la mtoto wa darasa la tano au la sita na hutakosa kukutana na sentensi za namna hii: "My mother cook ugali." "The children is playing." "He doesn't goes to school." Pembeni kuna kalamu nyekundu ya mwalimu, na juu ya ukurasa kuna alama ambazo mtoto angependa zisionekane na mtu yeyote nyumbani.

Mzazi aliyesoma Kiingereza cha kutosha huanza kufoka: "Mara ngapi nimekwambia weka 's'?" Mzazi ambaye Kiingereza hakikumkalia vizuri hulifunga daftari taratibu na kusema, "Kamuulize mwalimu wako." Mwenye uwezo huongeza hela ya tuisheni. Wote watatu wana nia njema, lakini wanapitwa na jambo moja. Sehemu kubwa ya msaada anaouhitaji mtoto huyo iko kwenye lugha wanayozungumza naye kila siku wakati wa kula.

Makosa yale matatu yanatoka kwenye shina moja, nalo ni upatanisho wa kiima na kitenzi. Maana yake ni kwamba mtenda na tendo lake lazima wakubaliane: ni mmoja, au ni wengi? Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili amekuwa akifanya kazi hiyo tangu kabla ya kushika penseli. Husema "kikombe kimevunjika" na "vikombe vimevunjika", "mti umeanguka" na "miti imeanguka", wala hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Zile ngeli zilizomtesa mzazi darasani, mtoto anazitumia akicheza uani.

Kwa upande huu Kiingereza ni lugha nyepesi. Chukua kitenzi cha kupika: I cook, you cook, we cook, they cook. Vyote sawa. Kinachobadilika ni kimoja tu, "he cooks" au "she cooks". Mtoto anayeweza kuchagua kati ya ki-, vi-, u-, i-, li-, ya-, zi-, a- na wa- bila kufikiri, anashindwa na herufi moja. Hapo ndipo mzazi anapopaswa kujiuliza kwa nini, kabla ya kufoka.

Swali hilo lina uzito wake. Nchini Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Nchini Kenya mgeuko huo huja mapema zaidi, kuanzia gredi ya nne. Mtoto anayejua vizuri kazi ya figo anaandika "The kidney remove waste" na mwalimu wa biolojia anamwelewa. Lakini mtoto huyo huyo akichekwa mara mbili tatu kwa sababu ya 's', anaacha kunyoosha mkono. Hapo hasara imeshavuka somo la Kiingereza na kuingia kwenye biolojia, jiografia na historia.

Herufi moja, matatizo matatu

Tatizo la kwanza ni mahali inapokaa. Kiswahili huweka upatanisho mbele ya kitenzi, pale sikio linapoupokea mapema: WAnacheza, Anacheza. Kiingereza kimeuficha nyuma kabisa. Mtoto aliyezoea kusikiliza mwanzo wa kitenzi, akifika mwisho ameshamaliza kazi.

La pili ni sauti yenyewe. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu. Neno kama "asks", "helps" au "wants" linarundika konsonanti mwishoni kwa namna ambayo ulimi wetu hauipendi, hivyo 's' hudondoka, au huongezewa irabu ndogo ikawa "wantsi". Wakati mwingine hata haisikiki. Sema haraka "She speaks Swahili" na utaona 's' mbili zimekuwa moja. Mtoto hawezi kuandika kwa uhakika sauti ambayo sikio lake halijawahi kuipata.

La tatu ndilo linalowachanganya hata wale wenye bidii. Kwenye nomino, 's' maana yake ni wengi: boy, boys. Kwenye kitenzi, 's' hiyo hiyo maana yake ni mmoja: plays. Mtoto mwenye akili anaona "boys" ina 's', anajua upatanisho ni kufanana, anaandika "The boys plays." Kwa mantiki ya Kiswahili yuko sahihi kabisa, maana sisi husema "vitabu vizuri vimefika" na "vi" inajirudia mstari mzima. Kosa hili linatoka kwa mtoto anayefikiri, na linastahili kusahihishwa kwa heshima hiyo.

Wala si watoto wa Afrika Mashariki peke yao. Mwaka 1973 Roger Brown, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kuhusu watoto watatu wa Marekani waliofuatiliwa kwa muda mrefu walipokuwa wakijifunza kusema Kiingereza, lugha ya mama zao. Alipanga vipande vidogo 14 vya sarufi kwa kufuata vilivyotangulia kushikwa. Ile 's' ya wingi ilikuwa ya nne. Ile 's' ya kitenzi ilikuwa ya 10. Sauti ni ile ile, na watoto wale waliisikia kila siku, lakini kwenye kitenzi ilichelewa sana.

Waingereza wenyewe hawakuwa nayo hivi siku zote. Zamani vitenzi vyao vilikuwa na miishio mingi zaidi. Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611 bado inatumia "-eth", kama "goeth" na "maketh", mahali ambapo leo tunaweka 's'. Hiyo 's' ilitoka kaskazini mwa Uingereza ikashuka polepole hadi London, na Shakespeare alitumia zote mbili. Hadi leo, katika lahaja ya asili ya Norfolk, mashariki mwa nchi hiyo, utasikia mzee akisema "she go" bila aibu yoyote. Mwalimu wa darasa la sita hatakubali hoja hiyo, na ni haki yake, kwa kuwa Kiingereza cha mtihani kinadai 's'. Lakini mzazi akijua hivyo ataacha kumwita mtoto mjinga kwa sababu ya herufi ambayo Norfolk wanaishi bila kuihitaji.

Anza na "nani?" kwa Kiswahili

Habari njema ni kwamba swali la kumsaidia mtoto linaweza kuulizwa na mzazi asiyejua Kiingereza hata kidogo. Mtoto ameandika "My brothers plays football." Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Hapo umesema nini? Niambie kwa Kiswahili."

"Kaka zangu wanacheza mpira."

"Umesema WAnacheza. Ni mmoja au wengi?"

"Wengi, mama."

"Mwalimu alisema 's' ya kitenzi ni ya nani?"

"Ya mmoja."

"Basi rekebisha, mwanangu."

Kazi imekwisha, na mama hakutamka neno la Kiingereza. Mtoto akisikia kwenye Kiswahili chake wa-, vi-, zi- au mi- yenye kitenzi cha i- ya wingi, kitenzi cha Kiingereza kinabaki bila 's'. Akisikia a-, ki-, li- au u- ya mti na mkate, anaweka 's'.

Jambo moja lazima liwekwe wazi mapema. Kusema "mmoja anachukua 's'" si kweli yote. Mimi ni mmoja na wewe ni mmoja, lakini ni "I cook" na "you cook". Hiyo 's' ni ya mmoja anayezungumziwa pembeni, yeye au kitu fulani. Kwa Kiswahili: "ninapika" na "unapika" ukiwa unamwambia mtu hazina 's', "anapika" inayo. Mtoto akilielewa hili siku ya kwanza, atakwepa "I goes" ambayo huwapata wengi waliokaririshwa kanuni nusu.

Mzazi mwenye Kiingereza kidogo ana njia nyingine rahisi. Mwambie mtoto aondoe mtenda na kuweka "he", "she" au "it" kama ni mmoja, na "they" kama ni wengi. "The children" inakuwa "they", na sikio la mtoto litakataa "they is" haraka kuliko litakavyokataa "the children is".

Walimu wengi hufundisha pia mbinu ya 's' moja: ikikaa kwenye nomino, haikai kwenye kitenzi. "The boy plays" na "The boys play". Ni mbinu nzuri ya kuanzia, ila ina mwisho wake. "Children" na "people" hazina 's' lakini ni wengi. "Bus", "class" na jina kama James zina 's' zao za kuzaliwa lakini ni kimoja au mmoja, hivyo "The bus stops here."

Na kuna jambo la kumfurahisha mtoto. Wakati uliopita hauna usumbufu huu. "She cooked", "they cooked", "the boy played", "the boys played". Ukitoa "was" na "were", hakuna cha kupatanisha. Mtoto anayesimulia alichofanya jana anaweza kujaza ukurasa mzima bila kuiogopa 's', na wazazi wangefanya vizuri kuanza mazoezi ya kuandika hapo, ili aonje ushindi kabla ya vita.

Pale Kiswahili kinaponyamaza

Kuna maneno matatu ya Kiswahili ambayo hayaonyeshi umoja wala wingi, na ni yale yale yanayozaa makosa mengi zaidi kwenye madaftari. Haya hayasemwi sana, hata darasani.

La kwanza ni "ni". Mimi ni mwanafunzi, yeye ni mwanafunzi, wao ni wanafunzi. Neno halitikisiki. Kiingereza kina matatu mahali pake: "am", "is", "are". Mtoto anayetafsiri "ni" kichwani huchukua "is" aliyoizoea na kuibandika popote, ndipo tunapata "They is my friends." Dawa yake ni kuipeleka sentensi kwenye wakati uliopita. "Wao ni rafiki zangu" inakuwa "WAlikuwa rafiki zangu", na "wa" iliyokuwa imejificha inatoka hadharani. Wengi, kwa hiyo "are".

La pili ni "kuna". Kuna mtu mlangoni, kuna watu mlangoni. Kiingereza kinataka "There is a person" na "There are people". Hapa kupeleka kwenye wakati uliopita hakusaidii, maana "kulikuwa" nayo ni ile ile. Mtoto afundishwe kusubiri: asiandike "is" wala "are" kabla ya kujua kinachofuata. Waingereza nao wakiongea haraka husema "There's many people", kwa hiyo mtoto anayeteleza hapa asihesabiwe dhambi kubwa, ila kwenye mtihani aandike "There are".

La tatu ndilo lenye hila kuliko yote: "hu-". Mimi hula, yeye hula, wao hula. Kiswahili kikitaka kusema jambo la mazoea, huondoa kabisa kiambishi cha mtenda. Sasa tazama: wakati wa Kiingereza unaodai 's' ni ule ule wa mazoea. "Mama hupika ugali" ni "My mother cooks ugali." Yaani pale pale Kiingereza kinapotaka alama, Kiswahili kimeifuta yake. Mtoto anayetafsiri "hupika" neno kwa neno hana pa kuionea 's', na "My mother cook" ndiyo tafsiri yake ya uaminifu kabisa.

Suluhisho ni kumrudishia kiambishi. Mwambie aseme "Mama ANApika ugali kila siku" badala ya "hupika". "A" ikirudi, 's' inakuwa na mahali pa kushika.

Pesa zimekwisha, suruali imechanika

Baada ya hapo kuna maneno ambayo Kiswahili kinaongea wazi, lakini kinahesabu tofauti na Kiingereza. Hapa swali la "ni mmoja au wengi?" linaweza kumpoteza mtoto, kwa hiyo yanahitaji kujulikana kwa majina.

Tunasema "pesa zimekwisha", nao wanasema "the money is finished". "Nywele zangu ni ndefu" kwao ni "my hair is long", na mtoto anayeandika "my hairs are" anahesabu nywele kama Mswahili. "Habari hizi zimenifurahisha" ni "this news has made me happy", ingawa "news" ina 's' mwishoni, jambo linalomchanganya mara mbili. Maji yanachemka, maziwa yamemwagika, mafuta yamepanda bei, mahindi yamekauka: yote haya kwa Kiingereza ni kitu kimoja kisichohesabika, "the water is", "the milk is", "the oil is", "the maize is". Mizigo ya safarini ni "luggage is". Taarifa, hata ziwe 10, ni "information is".

Kuna na upande wa pili. "Suruali imechanika" ni moja kwetu, lakini kwao ni "the trousers are torn", kwa sababu wanahesabu miguu miwili. Mkasi uko wapi? "Where are the scissors?" Wanahesabu makali mawili. Miwani imevunjika: "the glasses are broken." Mtoto akielezwa sababu hii hucheka, na kitu kilichomchekesha hakisahau. Polisi kwa Kiswahili anaweza kuwa mmoja, "polisi amefika", lakini "police" siku zote ni wengi: "the police are here."

Bei nayo ina mambo yake. Mtoto akipewa hela ya matumizi akisema "shilingi elfu tano zinatosha", kwa Kiingereza kiasi huhesabiwa kama fungu moja: "Five thousand shillings is enough." Hali kadhalika kilo mbili za mchele na dakika 20 za kusubiri.

Mahali pengine Kiswahili kinashinda bila jasho. Surua, ugonjwa ambao jina lake la Kiingereza, "measles", linaonekana kama wingi, kwetu ni "surua imeingia mtaani", umoja, na kwao pia ni "measles is". Hisabati ni somo moja, "mathematics is". Na yale maneno ya kundi, timu, familia, serikali, ambayo hata wenyewe wanabishana, kwani Mwingereza anaweza kusema "the team are" wakati Mmarekani atasema "the team is", Kiswahili kinampa mtoto upande salama: timu imeshinda, familia imehama, serikali imetangaza. Umoja. Aandike "is" au "has" na hakuna msahihishaji atakayemkata alama.

Mzazi anaweza kuandika yale yanayotofautiana kwenye kipande cha karatasi na kukibandika nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Si mengi. Pesa, nywele, habari, maji na jamaa zake, taarifa, mizigo, suruali, mkasi, miwani, polisi. Yaliyobaki Kiswahili kitayabeba.

Kikapu cha mayai

Wakubwa wa darasa la saba na kidato cha kwanza wana tatizo lao, sentensi ndefu. "The basket of eggs are in the kitchen." Mtoto ameandika "are" kwa sababu "eggs" iko karibu na kitenzi na inapiga kelele. Hili huwapata hata waandishi wazoefu wa Kiingereza.

Kwa Kiswahili hakuna mtoto atakayesema "kikapu cha mayai yako jikoni". Atasema KIKO jikoni, maana "ki" inamkumbusha mwenye sentensi ni nani. Vivyo hivyo "mfuko wa machungwa umepasuka", si "yamepasuka". Kwa hiyo sentensi yoyote yenye "of" katikati irudishwe kwanza kwenye Kiswahili, na mtoto asikilize kitenzi kimeshika mkono wa nani.

"One of my friends live in Tanga" hurekebishwa kwa njia hiyo hiyo. Mmoja wa rafiki zangu Anaishi Tanga. "Lives". "Everyone have arrived" nayo: kila mtu Amefika, "has". Kila mwanafunzi Ana daftari, "every student has". Neno "kila" haliwahi kwenda na wingi kwa Kiswahili, na wenzake wa Kiingereza, "every", "each" na "everybody", wana tabia hiyo hiyo. Wanafunzi wengi wanaokosea haya hawajawahi kuambiwa kwamba jibu walikuwa nalo mdomoni.

Lile la "he doesn't goes" ni la aina nyingine. Hapa mtoto amejitahidi kupita kiasi: ameweka 's' mara mbili. Mweleze kwamba 's' ni moja kwa kila kitenzi, na "does" akishaichukua, mwenzake anabaki mtupu: "he doesn't go", "does she like?" Vitenzi kama "can", "must" na "will" havina 's' wala havimwachii mwenzao: "she can sing". Makosa ya namna hii ni dalili kwamba kanuni imeanza kuingia. Yanapotokea, mzazi asiyaone kama kurudi nyuma.

Jinsi ya kusahihisha bila kumnyamazisha

Kosa kubwa la nyumbani ni kumkatiza mtoto katikati ya habari. Anasimulia kwa Kiingereza jinsi mwenzake alivyoanguka kwenye dimbwi, na mzazi anadakia "falls! falls!" Habari imekufa. Njia laini ni kumrudishia sentensi yake ikiwa sahihi, kama swali. Akisema "My teacher come by bus", wewe sema "Oh, she comes by bus?" na umwache aendelee. Amesikia, na hakuna aliyeaibika. Kalamu itumike kwenye daftari tu, na hata huko ni busara kuchagua kosa la aina moja kwa wiki. Mtoto anayechanganya "he" na "she", kwa sababu "yeye" yetu haibagui mume na mke, aachwe kwanza na hilo. Zote mbili zinachukua 's' ile ile.

Wapo wazazi wanaoamua kwamba nyumba nzima sasa ni Kiingereza. Kama Kiingereza cha wazazi kimenyooka, hakuna ubaya. Lakini kama baba anabahatisha na mama anabahatisha, mtoto atazoea "The water are finish" kutoka kwa watu anaowaamini kuliko mwalimu, na wakati huohuo ataanza kusema "vikombe imevunjika", kosa ambalo zamani mtoto wa mtaani alichekwa nalo. Amepoteza rula aliyokuwa nayo kabla hajapata nyingine. Zile shule ambazo mtoto akisikika anaongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni zinastahili kuulizwa na wazazi, kwa utaratibu, kibao hicho kinafundisha kanuni gani ya sarufi.

Kwa mzazi ambaye Kiingereza hakijui kabisa, dakika 10 za jioni zinatosha. Mtoto achukue aya moja ya kitabu cha shule, apige mstari kwa penseli chini ya kila kitenzi chenye 's', kisha asome kwa sauti huku mzazi akichambua mchicha au akikunja nguo. Kila akifika kwenye mstari wa penseli agonge meza kidogo. Kazi ya mzazi ni kusikiliza kama baada ya kugonga 's' imesikika au imemezwa, na ikimezwa amwambie arudie hapo. Wiki inayofuata mtoto asome aya nyingine bila kupiga mistari, agonge meza kwa sikio lake mwenyewe, halafu wahesabu pamoja kwenye kitabu amekosa ngapi.